Kumfuata Fundi Kobelo Mgeta

Nilipanda Mgeta kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa haji kliniki. Jina lake Kobelo, fundi seremala, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini na viganja vipana. Wakati wa masika alilazwa kwetu mjini Morogoro kwa ajili ya pombe, akatoka akitembea wima, akapewa tarehe ya kurudi. Tarehe ikapita. Ikapita na ya pili. Mimi ni muuguzi wa kitengo kinachohudumia watu wa namna hiyo, na kwenye daftari letu majina ya waliopotea yalikuwa mengi kuliko nilivyopenda kuyatazama. Tulizoea kusema, "Huyo karudia ulevi," kisha tunafunua ukurasa mwingine.

Siku moja nikamwambia mkuu wangu wa kazi kwamba nataka kumfuata mmoja wao hadi kwake, nione kinachotokea tukishawaruhusu.

Alinitazama kwa juu ya miwani. "Milimani kote huko, sista? Mlevi akitaka kupona atashuka mwenyewe."

"Na asiposhuka?"

Akanisainia ruhusa ya siku mbili. Daktari wetu, yeye, alinipa namba yake ya simu. "Ukikwama nipigie," akasema, "hata nikiwa wodini."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka nyumbani Mafiga na mfuko mmoja: sweta, kanga mbili, kipimo cha presha na faili la Kobelo. Nilikuwa nimepata nafasi kwenye lori la mboga lililoshusha kabichi sokoni na sasa lilikuwa linarudi mlimani na matenga matupu. Dereva alikuwa mwenyeji wa kule kule, mcheshi, anajua kila nyumba ya njiani. Tulipita Mzumbe wanafunzi wakivuka barabara na madaftari kifuani, kisha tukaiacha lami na kuanza kupanda.

Barabara ya Mgeta haipandi kwa papara. Inazunguka mlima, inarudi nyuma, inachungulia bonde, halafu inapanda tena. Kila kona joto la mjini lilipungua kidogo, hata nikatoa sweta mfukoni nikavaa. Hapo ndipo nilipomuuliza dereva kama anamfahamu fundi Kobelo.

"Kobelo! Nani asiyemjua? Nusu ya milango ya kule kaitengeneza yeye. Na nusu ya pombe ya kule kaimaliza yeye." Akacheka, kisha akajirekebisha. "Lakini nasikia kaacha. Ana siku ya tatu leo haonekani kilabuni."

"Kaacha ghafla? Bila dawa?"

"Ghafla, sista. Mwanamume akiamua kaamua."

Alilisema kama habari njema. Kwangu haikuwa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akikata kwa mara moja, siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Mwili unadai. Unaweza kumtetemesha, kumwonyesha vitu visivyokuwepo, kumtia degedege, hata kumuua. Watu wengi wanajua kwamba pombe inaua. Wachache wanajua kwamba kuiacha vibaya kunaua pia. Nikamwomba dereva akanyage mafuta kadiri barabara inavyoruhusu.

Saa nne na nusu aliniteremsha mahali ambapo lori haliendi tena. Kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu sauti za akina mama waliokuwa wakishuka na matenga ya karoti kichwani, wameshika njia ile nyembamba kama waliokuwa wakitembea ukumbini kwao. Niliwaamkia, wakaniitikia, wakanielekeza. Njia ilikuwa ngazi tupu za udongo katikati ya matuta ya njegere, na mimi ni mtu wa tambarare. Mara mbili niliteleza, mara moja nikakaa kitako kabisa. Lakini sikusimama kupumzika. Nilikuwa nikihesabu: siku ya tatu, siku ya tatu.

Nyumba ya Kobelo ilikuwa na mlango mzuri wa mbao uliochongwa majani. Mkewe, Mama Asia, alikuwa amekaa nje na beseni la maji mbele yake, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Nilipojitambulisha, alisimama. Nilidhani anataka kunikaribisha. Kumbe alitaka kunitazama vizuri usoni.

"Ni wewe basi," akasema. "Wewe ndiye uliyemwambia, 'Ukirudia kunywa, usirudi hapa.' Alipofika nyumbani alikaa bila kunywa mwezi mmoja na siku kadhaa. Kisha akateleza. Nikamwambia, rudi kliniki. Akasema, 'Nitarudije? Sista kanikataza.' Sasa kaamua aache peke yake kwanza, ndipo aje kwenu akiwa safi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hadi mahali nilipokuwa nimesimama siku ile, mlangoni mwa wodi, nimechoka, na kalamu mkononi. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo kwa watu wengi. Niliyaona kuwa ni ukali wa mapenzi.

Nilitamani kukaa chini, lakini haukuwa wakati wa kujihurumia. "Yuko wapi?" nikauliza.

Alikuwa chumba cha ndani, amelowa jasho katika baridi ile, akipangusa ukutani siafu ambao hawakuwepo. Mikono ilitetemeka kiasi kwamba kitanda kilitoa sauti. Hakunitambua. Mama Asia akanieleza kwamba usiku alianguka akakakamaa, povu mdomoni. Mapigo ya moyo yalikwenda mbio, presha ilikuwa juu.

"Tunampeleka zahanati sasa hivi," nikasema.

"Mjomba wake kasema tusimwondoe. Kamwita mtu wa kumtoa mashetani."

Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba si la kurukwa. Nilimkuta uani kwake, hatua chache tu kutoka pale, mzee mkavu mwenye fimbo. Nilimwamkia, nikapiga goti, nikamweleza kila nilichokiona bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na nikikataa?"

"Anaweza kufa leo, mjomba. Sikutishi. Mimi dua siikatai. Mwombeeni, lakini mwombeeni tukiwa njiani."

Akaweka fimbo yake ukutani. "Leteni machela," akaita.

Wanaume sita walimbeba Kobelo kwa zamu katika zile ngazi za udongo. Mjomba alikwenda mbele akisafisha njia na akiomba kwa sauti. Mara moja Kobelo alikakamaa tena njiani. Tuliishusha machela, nikamlaza ubavu, nikamshika kichwa hadi ilipopita, kisha tukanyanyua tena.

Saa nane mchana tulifika zahanati. Tabibu wa pale, kijana aliyeitwa Festo, alitoka kibarazani, akamwona aliyebebwa, uso ukashuka.

"Ah, sista. Huyu tunamfahamu. Juzi alikuja anatetemeka, nikamwambia akalale, pombe itamtoka yenyewe. Hapa hatuna dawa ya ulevi."

Hasira ilinipanda. Nikaimeza, maana mimi nilikuwa nimefanya vibaya kuliko yeye.

"Akija mtoto mwenye degedege unafanyaje?"

"Nampa dawa ya degedege. Ipo."

"Basi hii ni degedege ya mtu mzima. Dawa ni hiyo hiyo. Kipimo atatuambia daktari."

Mtandao pale unashika sehemu moja tu, karibu na tangi la maji. Nilisimama hapo nikampigia daktari. Alipokea akiwa wodini kweli. Nikampa Festo simu; alisikiliza, akauliza maswali, akaandika kwenye kiganja, kisha akakimbia ndani. Nitamsifu kwa hilo siku zote: alipoelewa, hakuhitaji kusukumwa. Alimchoma sindano, akamwekea maji, akamwongezea sindano ya vitamini kama alivyoelekezwa. Jioni mikono ya Kobelo ilikuwa imetulia juu ya blanketi. Tulikaa pande mbili za kitanda tukipima mapigo kwa zamu.

"Hili hatukufundishwa vizuri, sista," Festo akasema. "Tulifundishwa kwamba ulevi ni tabia."

"Na mimi nilifundishwa kwamba ni ugonjwa," nikamjibu, "halafu nikamgombeza mgonjwa."

Ijumaa asubuhi Kobelo alifungua macho, akamwona mkewe, kisha akaniona mimi. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, sista. Nilikunywa."

"Shikamoo, fundi. Mimi ndiye ninayeomba msamaha. Nilikwambia usirudi. Lilikuwa neno baya, na nimepanda mlima huu kulifuta."

"Niliona aibu kushuka ninanuka," akasema.

"Siku unayonuka ndiyo siku ya kuja."

Mchana tulikaa kikao kando ya kitanda chake. Mjomba alitaja jambo ambalo sisi mjini tusingelijua kamwe: karakana ya Kobelo ilipakana na kilabu cha pombe, na wateja walizoea kumshukuru kwa kumnunulia. Akasema atampa sehemu nyingine kwenye shamba la ukoo, upande wa pili wa bonde. Mama Asia akasema yeye ndiye atakayetunza vidonge alivyoandikiwa. Festo akaahidi kumwona kila wiki pale pale zahanati, na kunipigia kila amwonapo. Kobelo hakuapa. Alisema tu, "Nitajaribu, lakini msiniache."

Jumamosi lori lilinishusha Morogoro katikati ya magunia ya viazi, nimechelewa kazini kwa siku moja. Nilimweleza mkuu wangu yote, na neno langu la mlangoni nikalisema mbele ya wenzangu wote, ingawa lilinichoma. Baadhi yao waliinama. Hawakuwa wamesahau kwamba nao hulisema. Tulibishana juma zima. Mwishowe tukakubaliana kwamba hakuna mgonjwa atakayetoka bila barua ya kwenda zahanati ya kwao na simu kupigwa huko, na kila anayeondoka aambiwe waziwazi hatari ya kukata pombe ghafla. Festo alishuka akakaa nasi wodini siku tano, akarudi na madaftari mawili. Tulianza pia kuwafuata wale wengine wa daftarini. Wengine tuliwapata. Mmoja, wa bondeni, tulikuta wameshamzika.

Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tukitibu mtu hadi getini petu tu, halafu tunamlaumu kwa yanayompata nje ya geti.

Miezi minne baadaye, katikati ya kliniki iliyojaa, Kobelo alisimama mlangoni. Shati safi, macho mekundu. Alikuwa ameshuka na lori la asubuhi, na kutoka pale nilipokaa niliisikia harufu.

"Nilikunywa jana, sista," akasema mbele ya watu wote. "Nimekuja."

Nikasimama, nikamvutia kiti.