Kopo Lenye Joto

Mdogo wangu hakuwa ametimiza arobaini ya uzazi alipoanza kuhara damu. Kwetu Kariakoo mzazi hakutolewa nje kabla ya arobaini, hata kwa daktari, na mama hakutaka kusikia neno jingine. Basi nikaenda mimi. Nilikuwa nimemwona mdogo wangu anavyokauka huku mtoto akivuta titi lisilotoa kitu, nikaapa kwamba sitamzika kwa ajili ya desturi.

Hospitali ya wenyeji ilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Hapo alikuwepo daktari Mwingereza aliyechunguza amiba, vijidudu vya tumboni visivyoonekana kwa macho matupu. Alikuwa na dawa ya sindano, ila dawa yenyewe ilichosha moyo, na alikwisha kuona wagonjwa wakifa kwayo.

"Sichomi mtu kwa kubahatisha," aliniambia. "Niletee choo chake nimwone mdudu."

Mama alikubali kwa shingo upande. Lakini kupeleka uchafu wa mwanawe kwa mwanamume mgeni, ukiwa vile vile, aliona ni fedheha. Bila kuniambia akamimina marashi ndani ya kopo la choo. Daktari alifunua, akanusa, akanitazama. Kwenye hadubini hakuona kiumbe hai hata kimoja.

"Marashi yamemuua mdudu, tena kopo limepoa," alisema. "Mdudu huyu akipata baridi hatembei, na asipotembea simtambui. Nataka kopo lenye joto la mwili."

Safari ya pili nilificha chupa ya marashi, nikatoka mapema. Lakini nani anapita mtaani kwetu asisalimie? Kila baraza lilikuwa na mtu, na kila mtu alitaka kujua nimeamkaje, mama ameamkaje, mzazi anaendeleaje, na kama mtoto ananyonya. Wakubwa niliwapa shikamoo zao nikiwa nimesimama, kama nilivyolelewa. Nilipofika hospitali kopo lilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Nilirudi nalia kwa hasira. Mdogo wangu alikuwa anakufa kwa salamu.

Siku iliyofuata sauti yake haikusikika tena ila kwa kuinamia. Nilililaza kopo juu ya tumbo langu, nikalifunga kwa kanga chini ya buibui, nikatoka. Walioniita sikuwaitika. Kwenye baraza la mwisho alikaa shangazi yetu, aliyetulea baba alipofariki.

"Mwanangu, kwema huko?" aliuliza.

Nilipita. Sikugeuza hata shingo.

"Huyu amerogwa, au amekuwa mkubwa?" nilisikia nyuma yangu, na maneno yale yaliniuma mpaka Mnazi Mmoja. Sikupunguza mwendo.

Daktari aliweka tone juu ya kioo, kioo juu ya kibati cha shaba alichokipasha moto kwa taa ndogo. Akainama. Nilisimama nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Baadaye akasogea kando, akaniambia nitazame.

Niliona kitu kama tone la uji, kinatoa mguu, kinajivuta, kinatoa mwingine. Ndani yake mlikuwa na vidoadoa.

"Hivyo ni nini?"

"Damu ya mdogo wako. Anaila."

Nilimchukia mdudu yule kama mtu aliyeingia nyumbani kwetu. Daktari alifunga mkoba wake tukaondoka pamoja. Alimchoma mdogo wangu palepale kitandani, na akawa anakuja kila siku mpaka damu ikakatika. Alikataza asiinuke, hata kuketi, kwa ajili ya moyo. Kwa hilo mama alimpenda: kumlaza mzazi ndiyo kazi aliyoijua kuliko wote.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa wanawake. Shangazi alikuja pia, kwa ajili ya mtoto. Nilimpa shikamoo. Akaitazama dari. Nilirudia, akaomba maji ya kunywa kwa mwingine. Nilijua nimestahili, lakini ningepita tena vilevile.

Ndipo mdogo wangu akatoka chumbani kwa miguu yake, amemkumbatia mtoto, mkono mmoja ukutani. Alikwenda hadi mbele ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Hii yangu." Akavuta pumzi. "Na shikamoo. Hiyo ni ya dada, ya siku ile. Aliipita kwa ajili yangu."

Shangazi alimtazama, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Marahaba," alisema. "Marahaba."