Seva Mbili, Kabati Moja

Mwanangu, mvua ya kwanza ya mwaka ule bado naikumbuka, na nikianza kuisimulia damu hunichemka hadi leo. Nivumilie. Hasira zetu wazee hazipoi kama chai.

Nilikuwa binti wa Kaliua, nimetoka chuoni na cheti changu cha mitandao, nikapata kazi katika hospitali moja hapa Tabora. Bosi wangu alikuwa Mama Nyamizi, fundi mkuu, mwanamke wa maneno machache. Hospitali ilikuwa inafungiwa mtandao mpya. Kila wodi iliwekewa swichi, kisanduku cha kupitisha ujumbe wa kompyuta, lakini swichi zile hazikujiamulia kitu; zilipokea amri kutoka kwa seva, yaani kompyuta kuu. Seva hizo zilikuwa mbili. Moja inaongoza, ya pili inaisikiliza, ili ya kwanza ikifa, ya pili ishike usukani papo hapo na mgonjwa asijue kama kuna lililotokea.

Mama Nyamizi aliagiza kila seva ikae kwenye jengo lake, na umeme wake. Mkandarasi wetu, Bwana Masanja, akaona kuchimba mtaro wa nyaya hadi jengo la pili ni usumbufu, na wageni wa uzinduzi walikuwa njiani. Akazipanga zote kwenye kabati moja, zikatumia laini moja ya umeme. Mama alipomtaka aizime ya kwanza mbele yetu, tuone kama ya pili itaamka, alicheka, akasema mama huyu anataka kumharibia sherehe. Wakubwa wa hospitali wakamsikiliza yeye. Haraka haraka haina baraka, mwanangu, lakini ina wapambe wengi.

Mchana wa mvua ile ya kwanza, radi ikapiga nguzo ya umeme iliyo nje ya uzio. Seva zote mbili zikaungua pamoja. Jenereta likanguruma, taa zikarudi, swichi zikaendelea kupepesa wodini kana kwamba ni nzima, ila hapakuwa na wa kuziambia ujumbe upite wapi. Na katika wodi ya wazazi alikuwamo mama mmoja aliyeletwa kutoka Tura, anavuja damu. Nesi alikuwa ameagiza damu kwa kompyuta, kama tulivyomfundisha. Akasubiri. Benki ya damu hawakupata kitu, nao wamekaa tu. Nilipopita wodini kukagua swichi nikamkuta bado anangoja, nikakimbia kwenye mvua kuwaita. Tulirudi na damu, lakini upasuaji ulikuwa umeshachelewa. Mama yule alipona. Mwanawe hakupona. Mumewe alikaa kwenye benchi, amepakata kanga mpya ya kumpokelea mtoto, haijakunjuliwa.

Jioni Bwana Masanja akaja, akatikisa kichwa, akatuambia ajali haina kinga, hii ni kazi ya Mungu. Mama Nyamizi alisimama. Hakupaza sauti.

"Usimsingizie Mungu, Bwana Masanja. Radi ni yake. Kabati ulipanga wewe."

Akajitetea kwamba wakubwa ndio waliomharakisha.

"Basi nenda pale kwenye benchi ukamwambie yule baba hivyo."

Hakwenda. Alichukua funguo za gari lake akaondoka, na wala hakugeuka. Padri ananisihi kila Kwaresima nimsamehe mtu yule. Namjibu, baba, bado.

Mtaro uliokuwa usumbufu ulichimbwa wiki iliyofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu tuliujenga juu ya kaburi. Seva mpya zilipofungwa, kila moja jengoni mwake, Mama aliwaita wakubwa wale wale, akachomoa waya wa ya kwanza kwa mkono wake. Ya pili ikashika. Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa nisikilize, wewe unayekwenda kusimamia mitandao ya watu. Usiite akiba kitu kitakachokufa siku moja na kile kinachokitegemea. Na hata ukivitenga, usiamini mpaka umezima mwenyewe, mchana, mafundi wakiwa karibu, kabla radi haijakuzimia. Mkubwa akikuambia wageni wamefika, mwache anune. Kununa kwake kutaisha karamu ikiisha. Yule baba wa Tura hatasahau maisha yake yote.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, awalinde wote watakaoitegemea bila kukujua, na akupe shingo ngumu kama ya Mama Nyamizi.