Korongo Aliyebaki Nakivale

"Mama Goretti, na kama mwenye kununua hataki foronya ya pili, utaifanya nini?"

Swali hilo liliulizwa na msichana wa jirani, ndiye anayeandika haya, wakati huo akiwa bado shule ya msingi na pua yake ikiingia kila mahali. Goretti alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya udongo huko Nakivale, si mbali na kituo cha Kabazana wanakopokelewa wakimbizi wapya wanaoingia Uganda. Alikata uzi kwa meno, akatazama upande wa ziwa, akatunga mwingine.

Kazi yake ni kudarizi. Alijifunza kwa masista huko Uvira, Kongo, kabla vita havijamtoa, na vidole vyake havijasahau. Foronya zake huenda kwa jozi: korongo mmoja mwenye taji anatazama kulia, mwenzake anatazama kushoto, na ua refu linaanzia kwenye foronya moja na kuishia kwenye nyingine. Ukizilaza pamoja kitandani ua linaungana, na korongo wanaonekana kama watu waliokatizwa katikati ya maongezi.

Picha zake zilitembea kwenye simu hadi mji wa Mbarara, watu wakaanza kuagiza. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila mtu alitaka foronya, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa. "Nitume pesa kwa mtu sijamuona?" waliuliza wa mjini. Goretti naye alikwisha kumtumia mama mmoja wa Biharwe jozi nzima kwanza, na simu ya mama huyo haikupatikana tena. Akafikiria kumwomba Kizito, dereva aliyekuwa akimpelekea vifurushi, awe anapokea malipo mkononi. Kizito alikataa.

"Mimi napeleka mzigo tu, mama. Siku noti moja ikipotea, utasema Kizito amekula. Sitaki maneno."

Basi Goretti aliwaza huku sindano ikipanda na kushuka, mpaka akapata njia yake mwenyewe. Alituma foronya moja kwanza. Mnunuzi aliishika, akaigeuza, akaona kazi. Akiridhika, alituma kwa simu malipo ya jozi nzima, na foronya ya pili ikamfuata. Nani ataiba nusu ya ua? Njia hiyo ilimtendea vizuri, hata akaanza kuweka akiba ya mabati, maana turubai la paa lilikuwa likivujia vitambaa vyake.

Mpaka alipoagiza Evas, mke wa askari, mkazi wa kambi ya jeshi Mbarara. Foronya ya kwanza ilienda. Malipo yakaja, lakini ya foronya moja tu, na nyuma yake ujumbe wa sauti:

"Mama, kazi ni safi sana. Lakini hiyo moja imetosha. Afande walimpeleka Somalia, kitanda iko na mtu mmoja. Hiyo ingine uza tu, mimi sina shida."

Goretti aliusikiliza tena na tena. Hakuna aliyemwibia, hakuna aliyemdanganya, ila njia yake haikuwa imeliwazia jambo hili. Korongo wa pili alibaki mezani, akitazama kushoto, mahali pasipo na mtu.

Joël, fundi wa baiskeli wa nyumba ya pili, hakuliacha lipite.

"Mama Goretti, ndege yako amebakia mujane. Tumupeleke ku kanisa baombe juu yake?"

"Muanze na wewe, papa. Bibi yako alienda kusalimia ku Mbarara tangu Pasaka, mpaka leo hajarudi."

Joël akarudi kwenye pampu yake.

Baadaye akapiga simu Yayeri, mwenye nyumba ya wageni Nyamitanga. Alikuwa na maharusi wanaokuja, alitaka korongo wawili upesi, na malipo yake yangemaliza paa lote. Kitambaa cheupe kilichobaki kilitosha foronya moja tu. Goretti alimtandaza korongo wa pili, akatunga uzi ili amshonee mwenzi mpya. Mkono haukuenda. Alikiona chumba ambacho hajawahi kukanyaga, kule kambini, na mwanamke aliyelaza shavu karibu na korongo wa kwanza, na ua lililokatika ukingoni mwa foronya. Kisha akakiona kitanda chake mwenyewe. Yeye na Nestor, mumewe, walipotezana njiani walipokuwa wakikimbia kutoka Kivu, na mpaka leo Goretti hulala upande wa ukutani, upande wa pili hauguswi. Akimpa korongo huyu mwenzi mwingine, atakuwa amesema kwamba yule askari harudi. Na akilisema hilo kuhusu mume wa Evas, kuhusu Nestor atasema nini?

"Hapana, dada," alimwambia Yayeri. "Huyu eko na mwenzake."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Eko ku kambi ya basoda."

Yayeri alimcheka korongo wa kukaa kambi ya askari, akakata simu. Mabati yakangoja. Mvua ikaendelea kudondokea kwenye beseni.

Kila kiangazi Goretti alimtoa korongo kwenye sanduku na kumwanika. Upepo wa ziwa uliingia ndani ya foronya, ikavimba, korongo akawa kama anajaribu mabawa. Watoto walimpa jina, Afande. Walipita wakimpigia saluti, kisha wakaendelea zao na madumu ya maji.

Miaka ikaenda hivyo, hadi mwaka huu simu ilipoleta ujumbe mwingine wa sauti.

"Mama, ni Evas. Afande amerudi. Anapiga kelele ndani ya usingizi, lakini amerudi. Ile ingine bado iko? Nitume pesa kwanza?"

Goretti alimtoa korongo sandukuni. Alikunja foronya, akaifunga vizuri kwenye plastiki, akamwahi Kizito kabla hajaondoka. Aliporudi ndipo akabonyeza simu: "Iko njiani. Utalipa akisha kuilalia."

Msichana wa jirani, ambaye sasa yuko sekondari, alikuwa amesimama palepale mlangoni. Goretti aliketi. Mapajani alikuwa na foronya nyingine, korongo anayetazama kushoto, ambayo hakuna mteja aliyeiagiza, ya ule upande wa kitanda chake usioguswa.

"Uliniulizaka kitu, ule mwaka," alisema, akitunga uzi. "Foronya ya pili, kama haitakiwe, nitaifanya nini."

"Ndiyo, mama."

"Nitaichunga tu, mwanangu. Mpaka mwenye kichwa arudi."