Mstari wa Kwanza wa Mzee Kopi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, kazini wanamwita Mzee Kopi, na jina lenyewe alijitafutia. Ndiye anayetunza tovuti ya zahanati moja yenye vyumba saba na korido ndefu. Alianza kama mpiga chapa wa barua. Haya ya tovuti alijifunza mwenyewe, kwa kuchungulia na kukosea. Kila akibadilisha kitu alihifadhi folda nzima upya: "mwisho", halafu "mwisho kabisa", halafu "mwisho wa kweli". Ukimtania, anakujibu, "Cheka tu, shemeji. Siku mkipoteza kitu mtanitafuta."

Nywila ya kuingilia ilikuwa moja kwa watu wote wanne, imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya kalenda ya mapokezi.

Sasa nisikilizeni. Muuguzi wa kliniki ya watoto alitumia miezi minne kuandika ukurasa wa majibu kwa kina mama wa mtoto wa kwanza. Homa, kitovu, kucheua, maswali arobaini mazima. Mchana mmoja ukurasa ukatoweka. Daktari mkuu akawakusanya.

"Nani kaingia kwenye tovuti leo?"

"Mimi, daktari," akasema karani wa mapokezi. "Asubuhi nilibadilisha saa za kliniki."

"Basi ni wewe."

Nywila ni moja, nani abishe? Mzee Kopi alikuwa amesimama palepale, na yeye pia mchana ule alikuwa amegusagusa tovuti. Moyo ukamwambia, kaangalie kopi zako. Alikuna kidevu, akanyamaza, wala hakwenda kuangalia.

Lililomkaa rohoni baadaye halikuwa lawama aliyobebeshwa yule binti wa mapokezi. Ni kwamba binti aliiamini. Alimfuata muuguzi hadi chumba cha chanjo akamwomba radhi. Tangu hapo hakuigusa tena tovuti. Saa zikibadilika, aliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, akabandika mlangoni.

Ikapita miezi mitano. Daktari mkuu akaagiza mambo yanyooshwe: kila mtu awe na ufunguo wake wa kuingilia, na iwekwe programu ya kutunza historia, inayoandika nani kabadilisha nini, lini na kwa nini. Shemeji alijifunza wiki tatu, kisha akamwendea karani.

"Mwanangu, ufunguo wenyewe ni faili mbili. Moja inakaa kwenye kompyuta yako, humpi mtu, hata mimi. Nyingine naipachika kwenye seva, kompyuta inayobeba tovuti, kama kitasa. Kitasa kinamjua mwenye ufunguo wake."

"Mimi usinitengenezee, baba," karani akasema huku akipanga kadi za wagonjwa. "Nina mkono mzito. Nitawafutia tena."

"Mkono wako hauna neno."

"Waulize kina mama wa kliniki."

Alilisema hilo akicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomrudisha shemeji mezani kwake.

Kabla ya kuanzisha historia, ilibidi achague kopi ya kuanzia, naye hakukumbuka ni ipi aliipandisha mwisho kwenye tovuti. Akafungua kumbukumbu za seva, zinazoandika kila faili iliyopandishwa na saa yake. Akaikuta siku ile. Saa saba na dakika kumi mchana, folda ya "mwisho kabisa" ilipandishwa juu ya tovuti nzima, badala ya "mwisho wa kweli". Ilikuwa folda ya zamani, haina ukurasa wa muuguzi; iliyokuwa nao alishaifuta kupisha kopi mpya. Na hiyo ya zamani ilikuwepo kwenye kompyuta moja tu: ya kwake.

"Masikio yalinichoma, shemeji," aliniambia, "kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari."

Na mwanya wa kuponyoka ulikuwepo. Programu ile haijui lolote lililotokea kabla ya kuanzishwa. Kumbukumbu za seva nazo hujifuta baada ya miezi sita. Ulibaki mwezi mmoja tu.

Programu ikamwomba maelezo ya badiliko la kwanza. Akaandika "Mwanzo". Akalitazama neno lile, akalifuta. Akaandika: "Ukurasa wa maswali ya kina mama niliufuta mimi, kwa kupandisha folda ya zamani. Karani hakuhusika. Nilihisi tangu siku ile nikanyamaza."

Akabonyeza, akamwita karani. Binti alisoma akifuata maneno kwa kidole, mara mbili.

"Miezi mitano, baba."

"Miezi mitano."

"Na haya maneno yanafutika?"

"Kila mmoja wenu atakuwa na kopi yake. Nikiyafuta kwangu, kwenu yatabaki."

"Basi yaache. Sasa nenda kwa sista. Mimi nilimwendea kwa miguu yangu."

Korido ile hajawahi kuiona ndefu vile. Muuguzi alimsikiliza bila kuacha kupanga chupa za chanjo. Kisha akavuta droo, akatoa daftari. Alikuwa anayaandika upya yale maswali, kafika la kumi na tisa.

"Chapa haya," akasema. "Yaliyobaki utakuja hapa kila mchana nikutajie, uandike."

Daktari mkuu alipousoma mstari ule, alikwenda mapokezi akaomba radhi kwa maneno machache, akaichana karatasi ya nyuma ya kalenda.

Karani alichukua ufunguo wake wiki hiyohiyo. Mstari wa pili wa historia ni wake: "Nimebadilisha saa za kliniki." Karatasi ya mlangoni aliibandua mwenyewe.

Ila siku hizi akimhitaji shemeji hamwiti tena baba. Humwita fundi. Naye huitika, na huinuka upesi kuliko zamani.