Mgeni Aliyehama Meza

Camilo Rebelo hakuwa mtu wa ugomvi. Nilikaa naye chumba kimoja kwenye meli ya Serafina, yeye kitanda cha chini na mimi cha juu, na sikuwahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Alikuwa mtu wa Velim, kusini mwa Goa, na mimi wa Cuncolim, kwa hiyo tulikuwa kama majirani. Babu yake alichochea makaa melini, baba yake alikuwa mpishi wa meli, na yeye Camilo alikuwa mhudumu wa ukumbi mkubwa wa kulia, ule wenye mazulia yanayomeza kishindo cha viatu.

Serafina haikuwa meli ya kujazana. Wageni walikuwa wachache na wenye nazo, wengi wao Waingereza waliostaafu, na walirudi kila mwaka kama watu wanaorudi kwenye nyumba yao ya pili. Kwetu sisi, mhudumu mwenye heshima alikuwa yule ambaye mgeni akipanda meli pale Lisbon, hata mizigo hajafungua, anauliza, "Yule wangu yupo?"

Camilo alikuwa na wake. Bwana na Bi Aldous, Desmond na Hester, mume na mke kutoka Norwich, walimuulizia kila majira ya baridi kwa miaka kumi, na kila mara walipewa meza ileile ya watu wawili, dirishani, nyuma kabisa ya ukumbi. Hawakuhitaji kusoma orodha ya vyakula. Camilo aliwaletea supu nyepesi, kisha samaki bapa aliyekwisha kutolewa miiba, kisha jibini, na mvinyo mwekundu kwa ajili ya bwana. Walikula polepole, wakamshukuru kwa sauti ya chini, wakaenda kulala. Alijivunia watu wale kuliko saa yake ya mkononi. Tulimtania kwamba hao ni wakwe zake, naye alicheka lakini hakukataa.

Mwaka ninaousimulia, Bi Hester alipanda peke yake. Desmond alikuwa amefariki kabla ya Krismasi. Camilo alimpokea mlangoni mwa ukumbi, akamshika mkono, machozi yakamtoka mbele za watu, jambo ambalo hatukuruhusiwa. Alimpeleka dirishani. Meza alikuwa ameiandaa kama siku zote, kwa watu wawili, uma na visu pande zote mbili. Alimletea supu, kisha akamimina mvinyo mwekundu kidogo kwenye glasi iliyokuwa mbele ya kiti kitupu.

"Nimemwekea yeye, Bibi," alisema.

Bi Hester aliigusa glasi ile kwa kidole, akasema Camilo amefanya vizuri, akanywa vijiko vichache vya supu. Jioni ya pili ilikuwa hivyohivyo. Jioni ya tatu alichelewa kidogo, na alipoingia, msimamizi wa ukumbi, Bwana Vidmar, alimpitisha mbele ya dirisha bila kusimama, akaenda kumkalisha kwenye meza ya mviringo ya katikati, ile ya watu wanane wanaosafiri peke yao. Camilo alikuwa amesimama na supu mkononi.

Meza ile ilikuwa ya Bino.

Huyu Bino, jina lake la kanisani Querobino Dias, naye alikuwa mtu wa Velim. Nyumba yao na nyumba ya kina Camilo zimetenganishwa na kikanisa tu. Alikuwa na umri wa kupata miaka thelathini na mitano, mcheshi, wa kuwaita wazee wa kike malkia na kuwaambia uongo mtamu kuhusu rangi ya nguo zao. Wapo wageni waliomwona ana mdomo mwingi. Meza ya mviringo ilimpenda.

Tangu jioni ile Camilo alihudumia meza zake huku masikio yakiwa kwa Bino. Ukumbi mzima ungeweza kuwa unaongea, yeye angesikia kicheko cha Bi Hester. Na hicho ndicho kilichomchoma zaidi. Kwa miaka yote ile hakujua kwamba mwanamke yule hucheka kwa sauti. Alidhani ni mtu wa kutabasamu.

Kisha ikatokea habari ya kamba. Bi Hester alimuuliza Bino wahudumu wanakula nini huko chini, na Bino, bila kumuuliza mtu, akamletea bakuli la mchuzi wa kamba wa nazi kutoka chumba chetu cha kulia, ule mwekundu wa kwetu. Bi Hester aliumaliza, akapangusa bakuli kwa mkate. Kesho yake akaomba achari.

Mchana ule, katika mapumziko kati ya chakula cha mchana na cha jioni, Camilo alilala chali akitazama chini ya kitanda changu.

"Achari," alisema. "Bi Hester anakula achari."

Nilimwambia mgeni ni mgeni tu, kwani amemuoa?

"Wewe huelewi, bwana. Nimemlisha miaka kumi. Huyu kamlisha siku ngapi? Na sasa anamwita Bino. Jina la utani la nyumbani! Mimi ananiita Camilo mpaka leo."

"Kwani wewe una jina la utani?"

Alifikiri. "Sina," akasema, akageukia ukutani.

Nilidhani yataishia hapo. Lakini hakuyaacha. Alianza kumkosoa Bino kwa kila kitu, namna anavyoshika chupa, namna anavyoegemea viti vya wageni. Siku moja aliniambia kwamba Bino anamnyonya yule mama kihisia, na sura yake ilikuwa kama ya mtu aliyeibiwa. Nikanyamaza, maana mtu mwenye wivu ukimjibu unamwongezea kuni.

Tulipokuwa tunakaribia Málaga, tukiwa watatu tunakunywa chai chini, Bino mwenyewe akamkabili.

"Kaka Camilo, nisaidie kidogo. Huyu mama wa Norwich unamjua kuliko sisi sote. Kuna siku yake yoyote hapa karibuni? Nataka kumfanyia kitu afurahi."

Camilo alikoroga chai yake, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Kesho," alisema. "Kesho ni siku yao ya ndoa. Anapenda keki. Na wimbo. Imbeni kwa nguvu, wote, ndivyo anavyopenda. Na jina la marehemu liandikwe, asije akaona mmemsahau."

Bino alimshukuru kwa kumshika bega, akakimbilia jikoni kuongea na mpishi wa keki. Mimi niliona Camilo amelainika, nikafurahi. Sikujua kwamba katika maneno yale ni tarehe tu iliyokuwa kweli.

Kesho yake jioni wageni walivaa mavazi ya fahari. Baada ya nyama kuondolewa mezani, Bino aliwakusanya wahudumu wa upande ule wote, kama ilivyo desturi, maana wimbo wa keki huimbwa na kila mtu aliye karibu. Camilo naye aliitwa. Hakuwa amelifikiria hilo. Alisimama nyuma yetu akapiga makofi pamoja nasi, na tuliimba kwa nguvu kama tulivyoagizwa, tukaiweka keki mbele ya Bi Hester. Ilikuwa imeandikwa kwa sukari nyekundu: Heri ya ndoa, Hester na Desmond.

Mzee mmoja mezani alianza kupiga makofi, akaacha. Wimbo ulitufia midomoni. Bi Hester aliyasoma maandishi yale, kisha akainua uso. Hakumtazama Bino. Alimpita kwa macho, akaja mpaka nyuma yetu, kwa Camilo, akamtazama hivyo mpaka mikono ya Camilo ikashuka yenyewe. Kisha akainuka, na kwa kuwa meli ilikuwa inayumba kidogo, alitoka akishika kiti hadi kiti.

Asubuhi Bwana Vidmar alimwondoa Bino ukumbini. Alimpeleka kwenye bafe ya sitaha ya juu, kumwaga maji ya matunda na kukusanya sahani chafu, na ikasemekana huenda angeshushwa Naples na kurudishwa nyumbani. Tulimuuliza Bino nani aliyempa habari ya siku ile ya ndoa, akasema alibuni mwenyewe. Hakutaka kumtaja mtu wa kijijini kwao mbele ya wafanyakazi wa mataifa mengine. Nilipomsikia akisema hivyo nilimtazama Camilo, na hapo ndipo nikaelewa.

Sikumlaumu kwa maneno. Hakukuwa na haja. Chumbani alivua viatu, akakaa navyo mkononi.

"Unaona?" aliniambia. "Hata kwa kunyamaza amenishinda."

Kwa kutaka kumfariji Bi Hester, Bwana Vidmar alimrudisha dirishani. Camilo alikuwa amepata alichokitaka. Alimsogezea kiti, akamtandikia kitambaa mapajani, na safari hii aliandaa kwa mtu mmoja. Alileta supu. Mimi nilikuwa nahudumia meza ya jirani, na waliyosema niliyasikia mengi, mengine Camilo alinisimulia mwenyewe.

"Camilo," Bi Hester alisema, "tarehe ile tulikuwa tunaijua watu watatu. Mmoja nimemzika."

Camilo alikisogeza kijiko karibu na bakuli.

"Desmond aliirudisha keki. Mwaka ule wa kwanza walipotuimbia. Wewe ndiye uliyeibeba kuirudisha jikoni, na hukuruhusu tena mtu atuimbie. Wewe husahau kitu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitajaribu."

Alipaswa kuondoka hapo. Mgeni akikwambia hivyo, unainamisha kichwa na kuondoka. Lakini wivu ulikuwa haujamwachia.

"Nilikukosea nini, Bibi? Kwa nini ulihama?"

Bi Hester alisogeza bakuli kando. Alimwambia kwamba hakumkosea lolote. Alikaa pale akaona kila kitu kimewekwa kama kilivyokuwa, kasoro mtu mmoja, na usiku wa pili alipotoka hakuweza kupata usingizi, ndipo akamwomba Bwana Vidmar meza nyingine.

"Na hii supu," akasema. "Supu ilikuwa ya Desmond. Nilikunywa kwa sababu hakupenda kula kitu peke yake. Mimi sijawahi kuipenda."

"Hukusema, Bibi. Miaka yote."

"Hukuuliza," alisema. Kisha, kama mtu anayetaka kuwa mkweli, akaongeza, "Na mimi sikusema, ni kweli. Sasa nenda kwa Bwana Vidmar, umwambie. Nitangoja hadi kahawa. Baada ya hapo nitamwambia mimi."

Camilo aliiondoa supu, akaipeleka jikoni, akavua kitambaa cha mkononi na kwenda kwa msimamizi. Alisema yote. Jioni iliyofuata Bino alikuwa amerudi kwenye meza ya mviringo na Bi Hester amerudi pamoja naye, na Camilo yuko juu kwenye bafe akikusanya sahani. Hapo hapakuwa na mgeni wa kumtaja mtu kwa jina. Wanakuja na taulo mabegani, wanachukua tikiti maji, wanaondoka.

Bino alikutana naye kwenye korido ya mabaharia. Niliogopa watashikana mashati. Bino alisema tu, "Ungeniambia unamtaka, kaka. Ningekurudishia." Camilo aliniambia baadaye kwamba hata angepigwa kofi lisingemuuma kama maneno hayo. Mgeni wake alikuwa kitu cha kurudishwa, kama mwavuli.

Mkataba wake ulipokwisha, haukuongezwa. Alirudi Velim mvua zikianza. Mkewe, Piedade, alikuwa jikoni anakuna nazi, na Camilo aliamua kumweleza kila kitu kabla hajasikia kwa mama yake Bino. Alieleza hadi mwisho. Piedade aliendelea kukuna.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nikwambie. Mwanamke yule nimemwonea gere miaka kumi. Si wasichana wa bandarini, la. Yule bibi kizee. Unapiga simu kutoka mwisho wa dunia, pesa inakimbia, na wewe unaniambia Bi Hester kafurahia samaki. Mtoto ana homa hapa, Bi Hester kafurahia samaki. Nilikuwa namtukana kanisani, Mungu anisamehe. Uliponiambia mumewe kafa, nikasema basi, sasa anamchukua wangu."

Camilo alidhani anatania, akaanza kucheka. Aliponyanyua macho akaona hatanii. Alichutama mbele yake, akataka kuichukua mbuzi amsaidie kukuna, naye akaikatalia. Nyumba ilichukua muda mrefu kurudi katika hali yake.

Hakurudi baharini. Sasa yuko kwenye hoteli ndogo ya pwani, Cavelossim, anarudi nyumbani kila jioni kwa pikipiki. Nilimtembelea siku ya sherehe ya kijiji. Tulikaa barazani tukinywa pombe ya mabibo, na kila tulipoongea macho yake yalikwenda ng'ambo ya kikanisa, ambako nyumba ya kina Bino ilikuwa inawekwa vigae vipya. Nikamuuliza kama wanasalimiana. Akasema wanasalimiana vizuri sana.

Bi Hester bado anasafiri, na bado anakaa meza ya Bino. Mwaka huu amejifunza kula kwa mkono. Habari hizo Piedade huzipata kwa mke wa Bino sokoni, na humletea Camilo mezani, moto moto, pamoja na wali. Nadhani huzileta makusudi.