Leo nimegeuka friji

Haya bibi wenzangu, mgeni aliyenikatisha mlangoni ameondoka, tuendelee na kisa changu. Nilifika pale nilipochomoa waya ukutani.

Jamani, mimi nilijua friji linakufa!

Nipo hapa Njiro kwa mwanangu Neema, nimekuja kumpikia mtori wa uzazi. Siku tatu hajalala, mtoto wake mchanga analia tu. Leo mchana ndo wote wawili wakapitiwa. Mara nasikia sebuleni tuuu… ti… ti… tuuu. Nikachomoa.

Mtoto akaachia sauti, weee!

Nikampigia mkwe wangu kazini, nikamwambia friji lao linalia.

"Shikamoo mama. Hilo siyo friji, ni spika. Ni muziki wa zamani uliopigwa kwa mashine, ulitengenezwa makusudi kutuliza vichanga. Chomeka tena."

Muziki gani hauna mwimbaji wala ngoma?

Nikachomeka. Ikaja redio, mtangazaji wa mpira anapiga kelele goooli! Nikachomoa mbio.

Nikamwimbia mtoto ule wimbo wa Kimeru niliomlelea mama yake. Ndo kwanza anazidisha. Chumbani kitanda kinalia, Neema anageuka. Roho ikaniuma, usingizi wenyewe ndo wa kwanza kwa siku tatu!

Basi mtu mzima nikafumba macho. "Tuuu… ti… ti… tuuu."

Msicheke! Alinyamaza. Akanitazama mdomo, akashika kidole changu, akalala.

Saa nzima nimekuwa friji. Nimepumzika kidogo tu niwaandikie. Hebu niambieni, nyie wajukuu zenu mnawabembeleza na…

"Mamaa! Muziki umekatika, mtoto anaamka! Washa tena!"

Neema huyo, hajajua ni mimi. Ngoja nikawashe.