Salamu Zilizokula Ndoto Yangu

Nilijifunza kuamka ndani ya ndoto kwa sababu nilishindwa kusema nikiwa macho. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma pale Somanda alikubali kunifundisha kazi, ila nifike kabla msimu wa pamba haujaisha, la sivyo nafasi angempa mwingine. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya baba. Na mbele ya baba mimi ni bubu tangu nilipoacha kunyonya.

Kwenye simu ya kaka nikaona video ya kijana anayefundisha namna ya kujua kwamba unaota wakati bado unaota. Ukishajua, alisema, ndoto ni yako: unaweza kuruka angani, unaweza kufanya mazoezi ya jambo linalokutisha. Alikuwa amekaa kwenye kitanda kipana kuliko jiko letu. "Chagua chumba tulivu," akashauri. Mimi nalala na kaka anayepiga mateke, na nyuma ya ukuta mbuzi wanakohoa. Nikamsamehe, nikashika masharti mengine: mchana, kila mara, ujiulize kama unaota, uhesabu vidole, ubane pua ujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni vidole huzidi, na pua iliyobanwa hupitisha hewa.

Basi nikawa nahesabu vidole machungani. Kaka akaniona.

"Vipi mdogo wangu, kimoja kimepotea?"

"Naangalia tu."

"Angalia ng'ombe. Vidole havitaingia kwenye pamba ya watu."

Muda mrefu sikuota chochote cha maana. Halafu mchana mmoja, nikiwa nimelala kivulini mwa mkokoteni, nikatazama mkono nikakuta vidole saba. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu kwenda sekondari, jambo ambalo silijui vizuri. Baba alikuwa mbele yangu kwenye kigoda. Mwenye akili zake angesema shida yake, au angalau angeruka angani. Mimi nikapiga goti, nikasalimia.

"Mwadila, baba."

Akaitikia, akaanza kuuliza habari. Kwetu mtoto hamrukii mzazi na haja yake salamu zikiwa hazijaisha. Akauliza habari za nyumbani, nikajibu mhola, ni nzuri. Habari za shamba, mhola. Akauliza habari za ng'ombe, mmoja mmoja, hata wale ambao hatuna. Alipofika kwenye ndama, nikaamka na mate shavuni.

Ikatokea tena, na tena. Wenzangu wa kwenye video wanaruka juu ya milima. Mimi nilipewa ulimwengu mzima nikautumia kusalimia. Nikaapa: safari ijayo, hakuna salamu.

Jioni moja nilikuwa nimetoka kusinzia, nikaona bodaboda inaingia uani. Nyuma amekaa baba, aliyeapa miaka yote kwamba hatapanda kitu hicho. Nywele zimejaa nyuzi za pamba, nyeupe kabisa, na kichwani amebeba kiti cha plastiki, miguu juu. Hiyo haiwezi kuwa kweli, nikajisemea. Wala sikuhesabu vidole. Mazoezi yote yale, siku ya mtihani nikaruka swali la kwanza.

Nikasimama katikati ya uwanja. "Baba! Mimi kesho naenda Somanda kujifunza kuchomelea. Ng'ombe achunge kaka."

Dereva akazima pikipiki. Kuku mmoja akapita katikati yetu. Baba akashusha kiti taratibu. Ndipo nikabana pua, nikavuta. Hewa haikupita.

"Umemaliza?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Hujanisalimia."

Nikapiga goti, na safari hii magoti yaliuma. Akakaa kwenye kiti chake kipya, alichonunua kwa pesa ya pamba, akauliza habari zote, polepole, mbele ya dereva aliyekuwa anajing'ata mdomo asicheke. Hakuruka hata mbuzi wanaokohoa. Niliitikia mhola mpaka sauti ikakauka, nikisubiri kuamka. Sikuamka.

"Nenda," akasema mwishowe. "Hata ng'ombe wamechoka kuchungwa na mtu anayejihesabu. Lakini huyo fundi utamsalimia kwanza, umesikia?"

Kaka alikuwa mlangoni, anacheka mpaka anashika ukuta. Baba akamgeukia.

"Na wewe, kesho asubuhi utawafungulia ng'ombe."

Kicheko kikakatika. Kaka akatazama vidole vyake, vyote, kisha akabana pua.